Ukungu wa ukutani: ni nini, na unamdhuru vipi mtu?

Ukungu ninaouzungumzia hapa si ule unaotanda angani asubuhi. Ni kuvu, viumbe hai vidogo vinavyoota popote palipolowa: ukutani, kwenye silingibodi, kwenye godoro, hata kwenye mkoba wa ngozi uliosahauliwa kabatini. Wengine huuita fangasi wa ukuta.

Hapa Dodoma wengi huona hayo ni matatizo ya watu wa Tanga na Bukoba. Ni kweli eneo letu ni kame, na mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ila ukungu hauhitaji mwaka mzima wa mvua. Ukuta ukishinda umelowa siku mbili tu, unaweza kuanza kuota. Bati likivuja Januari, au mpangaji wa chumba kimoja akianika nguo ndani huku dirisha limefungwa, vidoti vyeusi huanzia nyuma ya kabati.

Tusiuchanganye na chumvi. Kuta nyingi za huku hutoa unga mweupe kwa chini. Lowesha kidole uguse: chumvi huyeyuka, ukungu hauyeyuki. Hata hivyo unga huo ni dalili kwamba ukuta unanyonya maji kutoka chini.

Madhara huja kwa hewa. Ukungu hurusha mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nasi tunazivuta. Hapo ndipo chafya, macho kuwasha, mafua yasiyokwisha na kikohozi vinapoanza. Mwenye pumu hubanwa kifua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mahususi kuhusu unyevu na ukungu majumbani kwa sababu ya magonjwa hayo ya kupumua. Mwenye kinga iliyoshuka sana anaweza hata kushambuliwa mapafu. Mama, mwanao akikohoa kila akilala chumba kilekile, na akienda kwa bibi yake anapata nafuu, mpeleke hospitali, lakini pia vuta kitanda uutazame ukuta.

Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye chakula, ni jambo jingine. Ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 iliingia kwa chakula, hasa mahindi.

Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha tu. Ziba kwanza panapovuja, kisha funika pua na mdomo, sugua kwa maji ya sabuni, ukaushe vizuri na kufungua madirisha. Silingibodi iliyooza itolewe. Na usiishie kupulizia dawa: ukungu uliokufa ukibaki ukutani, mwenye mzio ataendelea kupiga chafya.