Je, wajua kwa nini mafuta ya nazi hayamiminwi kwenye dizeli hivi hivi?

Asubuhi ya Julai ukiwa Newala, chupa ya mafuta ya nazi haikutolei kitu mpaka uianike juani. Mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Sasa yafikirie ndani ya mrija mwembamba wa injini ya boti inayotaka kutoka Mikindani alfajiri.

Hata yasipoganda, shida ipo palepale. Mnato wa mafuta ya mimea, yaani uzito wake wa kumiminika, yawe ya nazi, karanga au alizeti, ni karibu mara kumi ya ule wa dizeli. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche: hubana hewa mpaka ichemke, kisha nozeli ikarusha mafuta kama ukungu, yakawaka yenyewe. Mafuta yenye mnato mkubwa hayawi ukungu. Hutoka matone matone, hayaungui yakaisha, na masizi yakaganda kwenye nozeli na ringi za pistoni. Mwanzoni injini huunguruma vizuri tu, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, injini ndogo ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Karanga hizo hizo ndizo zilizowapeleka Waingereza Nachingwea miaka ya 1940, zikaipa Mtwara bandari na reli. Wao walitaka mafuta ya kula. Mradi wao wa mashamba ya karanga ulikufa 1951, reli ikaja kung'olewa, bandari tunayo hadi leo.

Dawa ya mnato ipo, na mtengeneza sabuni wa Lindi anaijua nusu yake. Chembe ya mafuta ya mimea ni nyuzi tatu ndefu zilizoshikwa na kikonyo kimoja cha gliserini. Ukitia methanoli, aina ya alkoholi, na kostiki soda kidogo, nyuzi huachia kikonyo. Gliserini huzama, na juu hubaki biodizeli, nyepesi kumiminika karibu sawa na dizeli. Kilo 100 za mafuta na kilo 10 za methanoli hutoa takriban kilo 100 za biodizeli na kilo 10 za gliserini. Tafadhali, usijaribu jikoni: methanoli ni sumu inayopofusha macho, na moto wake mchana hauonekani vizuri.

Biodizeli ndiyo inayochanganywa. B20 maana yake sehemu 20 kati ya 100 ni biodizeli. Indonesia, yenye mawese tele, ilipanda hadi B40 mwaka 2025. Ingawa humiminika kwa wepesi, kwenye mizani biodizeli ni nzito kidogo kuliko dizeli, hivyo humiminwa juu ya dizeli ili ikishuka ijichanganye, na ikishachanganyika haijitengi tena. Ila huosha uchafu uliolala miaka mingi ndani ya tangi na kuupeleka kwenye filta. Mwenye jenereta la zamani aweke filta ya akiba karibu, akague na mipira ya kupitishia mafuta, kwa sababu mpira wa asili hulainika na kuvimba.

Kwetu ningeanza na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na samaki. Ufuta wa Lindi una thamani kubwa mno kuchomwa kwenye injini.

Na korosho? Aliyewahi kubangua anayajua mafuta ya ganda lake kwa vidole vyake, jinsi yanavyobabua ngozi. Ganda lina mafuta mengi kweli, lakini hayana kile kikonyo cha gliserini. Ni jamii ya fenoli, kundi jingine la kemikali, hivyo methanoli na kostiki soda haziyageuzi kuwa biodizeli. Huhitaji njia nyingine ya kiwandani, na hadi sasa soko lake kubwa ni rangi, gundi na vitambaa vya breki. Maganda yenyewe huchomwa kwenye boila, yakatoa mvuke wa kulainishia korosho zinazosubiri kubanguliwa.