Mbolea ya maji ya samaki bustanini: ichachuke, isioze

Anayelima bustani Mwanza mjini analima kwenye unga wa mawe. Majabali haya tunayojivunia yamekuwa yakimomonyoka tangu enzi, na mchanga wake, ambao Wasukuma wanauita luseni, ndio udongo wa viwanja vingi vya huku milimani. Jembe linaingia bila taabu, lakini maji yanapita kama kwenye chujio na mbolea inapita nayo. Mwaga urea jioni, mvua kubwa ya vuli ishuke usiku, asubuhi kilichobaki ni mfuko mtupu. Udongo wa namna hii unataka kulishwa kidogo kidogo, kama mgonjwa anayeanza kula, na mbolea ya maji inafaa kwa kazi hiyo. Kwetu malighafi yake haina shida: mabaki ya samaki yanatupwa kila siku mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki.

Mimi ni bwana shamba, na swali la namna ya kugeuza samaki kuwa mbolea naulizwa kila wiki. Wengi wanaouliza wamekwisha kujaribu. Walichukua matumbo, wakajaza maji kwenye ndoo, wakafunika wiki mbili. Siku ya kufunua mtaa mzima ukaja juu. Mama mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mume wangu kasema nichague, ndoo au yeye." Nikamuuliza, "Mama, sukari uliweka kiasi gani?" Hakuwa ameweka hata chembe.

Shida yote iko hapo. Samaki aliyekufa anagombaniwa na aina mbili za bakteria. Wa kwanza ni wale wa kuozesha: wanavunja protini na kuigeuza amonia, na ile harufu inayochoma pua ni naitrojeni yako, kile chakula cha mmea unachokitafuta, inayopaa kwenda kwa jirani. Wa pili ni jamaa wa wale wanaogandisha mtindi. Hawa wanakula sukari na kutoa asidi, na pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, ikifika karibu 4 wale waozeshaji wanakwama. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya matumbo, ambavyo kazi yake ilikuwa kumeng'enya chakula cha samaki, vinaendelea kukatakata nyama hadi iwe uji. Nyama ya samaki yenyewe haina sukari ya kutosha kuwalisha hawa wa mtindi. Usipowapa wewe, wameshindwa kabla hawajaanza.

Mimi nafanya hivi. Naamka mapema naenda kwa vijana wanaopara samaki, nachukua matumbo, magamba na matamvua ya siku hiyohiyo. Vichwa vya sangara na mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, sichukui, vile ni kitoweo cha watu, na sioni busara ya kulisha mchicha kitu ambacho mtoto angekula. Kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, na dagaa wa chumvi usiguse kabisa, chumvi itakuulia bustani. Kilo 9 za mabaki nazikatakata vipande vidogo, kwa panga na gogo la zamani, kisha naziweka kwenye ndoo ya lita 20 pamoja na kilo 3 za molasesi. Molasesi ni ule uji mweusi unaobaki viwandani miwa ikishatolewa sukari. Wauza pembejeo wanayo kwa sababu wafugaji wanawapa ng'ombe. Ukiikosa, sukari guru inafaa. Juu yake namimina nusu lita ya maji ya mtindi, yale ya kimanjano yanayojitenga juu. Maji ya bomba siweki hata tone, kwa sababu yanazimua sukari na kuwapa nafasi waozeshaji. Nakoroga kwa mti hadi kila kipande kipakwe weusi, naacha theluthi ya ndoo wazi, nafunika kwa kitambaa kizito na mfuniko uliolegea. Ndoo inakaa kivulini, na juu yake jiwe, maana paka wa mtaani kwetu hawana adabu, na makorongo wa mwaloni wana subira kuliko paka.

Kuhusu huo mfuniko uliolegea nina ushahidi. Dumu langu la kwanza nililikaza kwa nguvu zote nikiogopa harufu. Siku ya nne likavimba kama mpira, nikalitazama nikasema nitalishughulikia jioni. Saa nane mchana likapasuka. Jirani alikuwa ameanika mashuka meupe. Niliyafua mwenyewe, mara mbili, na bado tulinunua mapya. Uchachukaji unatoa gesi, na gesi lazima ipate njia.

Wiki ya kwanza koroga kila siku. Siku ya pili au ya tatu utaona mapovu madogo yanapanda kandokando ya ndoo, na harufu bado ni ya samaki mbichi, vumilia. Kufika wiki ya pili inageuka, inakuwa kama pombe ya kienyeji iliyolala, yenye samaki kwa mbali. Ukungu mweupe juu usikutie hofu. Ukiona funza, au ikinuka yai viza, ongeza molasesi nusu kilo na ukoroge vizuri. Ikigoma kugeuka ndani ya siku tatu, chimba shimo refu uifukie, umeshindwa safari hiyo. Baada ya wiki nne hadi sita chuja kwa chandarua cha zamani. Mafuta yanayoelea juu, na sangara anayo mengi, yaengue kwa kijiko: yanaziba keni na kuita sisimizi. Mifupa iliyobaki izike futi moja na nusu chini karibu na mpapai au mgomba, ina fosforasi na chokaa ya kutosha.

Sasa hesabu, maana mitandaoni naona watu wanaisifia mbolea hii kama dawa ya mganga. Tukadirie kwamba mabaki ya samaki yana protini asilimia 15, na protini ina naitrojeni asilimia 16 hivi. Kilo 9 zinakupa kama gramu 216 za naitrojeni. Urea ina asilimia 46, kwa hiyo ndoo nzima, na usumbufu wake wote, ni karibu sawa na nusu kilo ya urea. Anayekuambia ndoo moja inatosha ekari anakudanganya. Faida yake iko kwingine: sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imo kwenye vipande vya protini ambavyo vijidudu vya udongo vinavimalizia taratibu, na kalisi na madini mengine madogo yamo. Lakini kwenye luseni tupu haitafika mbali. Weka mboji au samadi iliyoiva kwanza, ndoo mbili kwa tuta la mita 4 za mraba, ndipo maji ya samaki yapate pa kushika.

Kipimo changu ni mililita 200 kwenye ndoo ya lita 20 za maji, tuta moja la ukubwa huo, mara moja kwa wiki. Miche nusu ya hapo. Mwagia udongoni, jioni, kukiwa na unyevu. Usimwagie majani ya mboga utakazochuma, kwani mabaki ya samaki yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Mboga za kuliwa mbichi naacha kabisa wiki mbili kabla ya kuvuna. Mchicha, chainizi, matembele na mgagani vinaipenda sana. Nyanya ipe hadi ianze kutoa maua, kisha punguza, la sivyo utavuna majani. Maharage hayana haja nayo.

Potasiamu ndiyo upungufu wake. Watu wanaijazia kwa majivu ya jikoni, sawa, ila wanayachanganya kwenye ndoo moja. Majivu ni adui wa asidi: yakikutana na mbolea hii amonia inatoka palepale, utainusa. Majivu nyunyiza kiganja kimoja kwa tuta, wiki nyingine.

Na mvua ikionekana inakuja kutoka ziwani, ahirisha. Huku kwetu kila mtaro unaishia ziwani, na magugumaji yanayokwamisha mitumbwi yanashiba naitrojeni na fosforasi hizihizi tunazozipoteza. Ukiwa na shamba ufukweni, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakutaka ukae mita 60 kutoka majini, na kwa mbolea ya maji mimi ningesogea mbali zaidi.

Iliyochujwa inakaa miezi sita bila shida kwenye chupa, kifuniko kikiwa hakijakazwa. Andika jina kwa maandishi makubwa. Shemeji yangu alifika usiku, akaona chupa nyeusi jikoni, akajua ni asali.