Kabla ya Kupiga Dawa, Tazama Majimoto Juu na Nyasi Chini

Mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua, swali tunalopokea zaidi kutoka kwa wakulima wa Mtwara, Lindi na Pwani ni moja: nipige dawa gani? Sisi tunaoshughulika na visumbufu vya mimea tungeomba jambo moja litangulie. Inua macho kwenye matawi, kisha tazama ardhi chini ya mti.

Juu huenda kuna majimoto, sisimizi wanaojenga viota vyao kwa majani ya mti. Aliyekulia pwani anaujua ukali wao, ila wachache wamewahi kusimama kuwatazama wakijenga. Wanajipanga safu kwenye ukingo wa jani, wanaling'ata na kulivuta kwa pamoja mpaka likutane na jani la pili. Hapo wenzao huleta vibuu vyeupe, yaani watoto wa kundi lao, wamewabana midomoni, wakawapitisha huku na huku kwenye maungio. Kibuu anatoa uzi wa hariri na majani yanashikana. Kundi moja huwa na viota vingi vilivyotapakaa kwenye miti kadhaa, ingawa malkia kwa kawaida ni mmoja.

Miti hiyo wanailinda kwa nguvu zote, na mdudu mgeni akitua hukamatwa au hufukuzwa. Hapo ndipo mkulima anapofaidika. Mbu wa mikorosho, yule mwembamba mwenye miguu mirefu na kijiti kilichosimama mgongoni, hufyonza machipukizi, maua na korosho changa. Alipochoma panakuwa cheusi, na chipukizi hukauka kuanzia nchani. Mbu wa minazi hufyonza vidaka vikapukutika kabla havijafika hata kuwa vitale. Hahitaji kuwa wengi. Wachache tu juu ya mnazi wanatosha kumaliza mazao yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way aliwachunguza majimoto wa Zanzibar kwenye mikarafuu na minazi, na mbu wa minazi mwenyewe amepewa jina la kisayansi linalomkumbuka. Huko kusini mwa China, maandishi ya takribani mwaka 304 yanaeleza viota vya jamaa wa majimoto vikiuzwa sokoni ili viwekwe kwenye michungwa. Tunalolihimiza leo lina historia ndefu.

Kwa nini basi mashamba mengine hayana majimoto? Mara nyingi jibu liko chini. Udongoni, hasa kwenye mashina, huishi sisimizi wadogo ambao askari wao wana vichwa vikubwa kupita miili. Hawa ni mahasimu wa majimoto: wakipanda mtini kwa wingi huwang'oa, na wao wenyewe hawakulindii mti kwa kiwango kile. Utafiti uliofanywa kwenye shamba la michungwa nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa palipoachwa nyasi na magugu ardhini, makundi haya mawili yaliishi pamoja bila kufukuzana. Yalipoondolewa, wale wa chini walitawala na kuwatimua majimoto kwenye baadhi ya miti.

Ninalirudia hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu shamba jeupe linasifiwa sana kijijini na mwenye nyasi huitwa mvivu. Fyeka badala ya kulima kwa jembe mpaka udongo ubaki mtupu, na acha nyasi ziwe na kimo wakati mikorosho inapotoa machipukizi na maua. Najua korosho huokotwa chini, na moto wa kiangazi ni hatari ya kweli. Kwa hiyo safisha chini ya mwavuli wa mti korosho zinapokaribia kuanguka, na usikose barabara ya moto kuzunguka shamba.

Usiishie kwenye mpaka wa shamba lako. Mwembe, mchungwa au mkarafuu ulioachwa katikati ya minazi huwapa majimoto majani mapana ya kujengea, na matawi yanayogusana huwapa njia ya kuhama bila kushuka ardhini wanakosubiriwa. Pasipogusana, funga kamba toka mti hadi mti. Ukihamisha viota, vichukue vyote kwa kundi moja, ukijitahidi kupata na kile cha malkia. Ukichanganya makundi mawili watauana mbele ya macho yako.

Majimoto hawatibu kila kitu. Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu, na dawa ya salfa inabaki na kazi yake. Tena majimoto huwafuga wadudu wa magamba kwa ajili ya maji yao matamu, hivyo utawakuta wadudu hao kwenye baadhi ya matawi. Mkwezi wa minazi naye ana haki ya kulalamika, maana anaumwa kweli. Kwa mwokota korosho usumbufu ni mdogo zaidi.

Kiuatilifu cha kuua wadudu kikipulizwa shamba zima kinawaua walinzi pamoja na waharibifu. Pita mti kwa mti. Matawi makubwa yakiwa na misafara ya majimoto inayopanda na kushuka, uache mti huo. Mti usio na msafara, na machipukizi yake yana madoa meusi mabichi, huo ndio wa kupulizia.