Je, wajua kwa nini pumba hueleza mwanzo wa kilimo cha mawele kuliko punje zenyewe?

Ukikitazama kwa makini kigae cha chungu cha kale kutoka pembezoni mwa Sahara, huenda ukaona vitundu vidogo vilivyotapakaa katika udongo wake. Hizo ni alama za pumba. Wafinyanzi walizichanganya na udongo ili chungu kisipasuke kikikaushwa na kuchomwa. Moto uliziteketeza, lakini umbo lake likabaki kama chapa ya muhuri. Mtaalamu wa mabaki ya mimea hujaza kitundu hicho kwa mpira laini, akauchomoa ukishakauka, na kuutazama kwa hadubini.

Katika Bonde la Tilemsi, kaskazini-mashariki mwa Mali, alama za namna hiyo zimeonyesha kuwa mawele yalikuwa yakilimwa yapata mwaka 2500 K.K., na huo ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa zao hilo duniani. Lakini itajulikanaje kwamba yalilimwa, hayakukusanywa porini tu? Jibu limo katika kikonyo, kijiti kidogo ambacho nacho huacha chapa yake katika alama hizo za pumba. Punje za uwele hukaa ndani ya kitita kidogo cha nywele ngumu. Katika uwele-mwitu kitita hicho hakina kikonyo, nacho hudondoka chenyewe punje zikikomaa, na hivyo ndivyo mmea unavyojipanda. Katika uwele wa shambani kitita kina kikonyo kinachokishikilia kwenye suke hata likikauka, na bila kupurwa hakitoki. Tofauti hiyo ilijengeka polepole, kwa kuwa aliyekata masuke alifika nyumbani hasa na punje ambazo hazikupukutika, na katika hizo ndimo ilimotoka mbegu ya msimu uliofuata.

La kushangaza ni kwamba punje za Tilemsi zilikuwa bado ndogo: mmea uliacha kwanza kupukutika, na punje zikanenepa baadaye. Mtu anayepima ukubwa wa punje peke yake angepita pale asimwone mkulima.

Kwa ulezi, zao lililoanzia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kazi ni ngumu zaidi, maana punje yake inakaribia kichwa cha pini. Ikiungua kiasi hugeuka mkaa usiooza. Ikizidi moto huwa majivu. Ndiyo maana udongo unaochimbuliwa humiminwa majini, makaa yakaelea na kuenguliwa kwa chekecheke la matundu madogo mno. Kwa njia hiyo, katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, zimepatikana kunde za miaka ipatayo 2,300 na ulezi wa angalau miaka 1,000. Miaka hiyo 1,000, hata hivyo, ni umri wa punje zilizoonekana, si umri wa kilimo cha ulezi. Chimbuzi nyingi za zamani zilimwaga udongo wake bila kuuosha, na punje zilizokuwamo zikaenda nao.