Kidonda kilipona, darasa la tano likamshinda

Kina mama wengi wanaoniletea watoto hapa Mbeya huanza hivi: "Dokta, huyu si alishapona?" (Mimi si daktari, natoa tiba kwa vitendo, yaani namsaidia mtu aliyeumia kumudu tena kazi zake za kila siku. Nimeshachoka kusahihisha.) Mtoto alianguka toka juu ya mparachichi kule Rungwe akiwa na miaka sita. Akaumia kichwa, akalazwa, akashonwa, akarudi nyumbani anatembea na kuongea vizuri tu. Leo yuko darasa la tano: akitumwa dukani anasahau njiani alichotumwa, anafoka kwa kitu kidogo, na mwalimu ameshamwita mvivu.

Si uvivu, wala jeraha halijarudi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayopanga mambo, inayozuia hasira na kushikilia jambo akilini mpaka liishe. Huendelea kukomaa mpaka mtu anakaribia miaka 25. Ikiumia mapema, pengo halionekani upesi, kwa sababu mtoto wa miaka sita hapangi chochote, anapangiwa na mama yake. Masomo yakishakuwa mengi ndipo pengo linajitokeza. Ile faraja ya "ni mtoto, ubongo utajirekebisha" mimi siipendi. Hujirekebisha kiasi, tena kwa kufanyishwa mazoezi.

Kuna dada mmoja anauza mchele na maharage Mwanjelwa. Aligongwa na bodaboda akiwa darasa la pili, akaumia ubongo. Mkono wa kulia ukabaki dhaifu, kumbukumbu nayo ikawa ya kubahatisha. Nilimwekea kengele kwenye simu zimkumbushe kazi zake. Ikilia anaizima, anasahau ililia ya nini. Dawa aliipata mwenyewe: kaunta buku ndogo, ameifunga kwa kamba kwenye mizani, hawezi kupima bila kuigusa. Kilo ngapi, bei, pesa aliyopokea, chenji. Anaandika kwa kushoto, herufi kubwa kama za mtoto.

Saa nane mchana anashusha turubai na kulala nusu saa juu ya magunia. Mama yake aliona aibu, watu watasema nini? Nikamwambia, mama, huo usingizi ni sehemu ya mtaji. Ubongo ulioumia huchoka haraka, na ukilazimishwa, hesabu za jioni zinaharibika na wateja wanatukanwa.

Wazazi, mwelezeni mwalimu mpya kila mwaka, maana yule wa mwaka jana hatamsimulia. Mtoto apewe agizo moja, alimalize, ndipo apewe lingine. Kifafa kinaweza kuanza hata miaka kadhaa baada ya ajali. Akianguka, mpelekeni hospitali, na dawa akishaanzishiwa msimkatishe wenyewe. Na ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu. Ulemavu usioonekana ni mgumu kuuelezea ofisini, kwa hiyo nendeni na barua ya hospitali.

Juzi nilipita kwa yule dada wa Mwanjelwa kununua kilo mbili za maharage. Nikaanza kumuuliza habari za nyumbani huku anahesabu chenji yangu. Akaninyooshea kiganja bila kuniangalia, akamaliza kuandika, akanipa mia tano yangu. Ndipo akasema, "Haya, shikamoo."