Al Capone na mahandaki ya Moose Jaw

Ukifika Moose Jaw, mji wa watu wapatao 33,000 katika nyanda za Saskatchewan, Kanada, hutakosa kuambiwa kwamba Al Capone, jambazi wa Chicago aliyeuza pombe ya magendo, alijificha kwenye mahandaki yaliyo chini ya barabara kuu. Watalii hulipa kiingilio kwenda kuyaona. Lakini hakuna ushahidi wa maandishi kwamba aliwahi kukanyaga pale. Kilicho kweli ni reli ya Soo Line, iliyouunganisha mji huo na Chicago, na pombe iliyopigwa marufuku Marekani kuanzia 1920 hadi 1933. Uvumi ukapata pa kuota.

Kinachoniuma ni kwamba jina la Capone linamfunika Quong Wing. Huyu alikuwa na mgahawa papo hapo Moose Jaw, Mchina aliyekwisha kupewa uraia, akaajiri wanawake wawili wa Kizungu kuhudumia wateja mezani. Sheria ya Saskatchewan ya 1912 iliwakataza Wachina kufanya hivyo. Akatiwa hatiani, akatozwa faini, akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 1914 akashindwa. Hukumu yake ipo, na yeyote anaweza kuisoma.