Arigato haikutoka kwa Wareno

Dhana: Wajapani walilichukua neno obrigado, yaani asante, kutoka kwa Wareno, wakalitamka wawezavyo, likawa arigato, asante yao.

Sisi tunaosema Kiswahili ni wepesi wa kuiamini hiyo, maana meza na leso tumezipata kwa Wareno haohao. Na Wajapani kweli walikopa: mkate wanauita pan. Lakini tarehe zinakataa. Wareno walitia mguu Japani, kisiwani Tanegashima, mwaka 1543. Katika Man'yoshu, diwani ya karne ya 8, Otomo no Yakamochi anamsifu kipanga wake wa kuwindia: ukimtoa huyo, mwingine ni arigatashi, yaani vigumu kuwapo. Ari ni kuwapo, katashi ni vigumu. Kabla ya gozaimasu, neno la adabu, ilisemwa arigataku. K ikadondoka, ikawa arigatau, mwisho arigato. Kufanana na obrigado ni sadfa tupu.

Dhana: Basi tangu mwanzo lilikuwa neno la shukrani.

Hata. Mnamo mwaka 1000 hivi, Sei Shonagon, mwanamke aliyemtumikia malkia, aliorodhesha mambo arigataki, yaani adimu: mume anayesifiwa na baba mkwe, mke anayependwa na mama mkwe, na kikoleo cha fedha kinachong'oa nywele sawasawa. (Mama mkwe kumbe ni yuleyule kila mahali.) Hapo hakuna anayemshukuru mtu. Shukrani ilikuja polepole: ukitendewa lililo adimu utastaajabu, na mshangao ukageuka ahsante. Yetu ina njia nyingine, kwani ahsanta ya Kiarabu ni "umetenda vyema", inamsifu mtenda. Arigato haimtaji mtu. Inalitazama jambo lenyewe na kusema halikuwa rahisi kutokea.

Dhana: Arigata-meiwaku ni "asante kwa usumbufu".

Ndivyo atakavyopata anayetafsiri kipande kwa kipande, kwa kuwa meiwaku ni kero. Wajapani wanamaanisha wema usiouomba unaokulemea. Umeshiba, mwenyeji anakupakulia sahani ya tatu, nawe huna budi kuimaliza huku unatabasamu: hiyo ndiyo arigata-meiwaku. Mwenyeji haambiwi usoni. Mezani utasema arigato gozaimasu; hilo jingine lingoje mpaka mfike njiani.